Mwendo wa Marehemu Wilbroad

Ukifika Gongoni, mjini Tabora, ukimtafuta Bi Tatu binti Majidi, usiulizie mdarizi wa foronya, ingawa kudarizi foronya na vitambaa vya makochi ndiyo kazi yake ya kila siku. Ulizia yule bibi anayefufua watu. Hata mwenye duka aliyehamia juzi atakuonyesha nyumba yake, na huenda akatabasamu kabla hajakujibu, kwa sababu familia nyingi za pale zina marehemu wao ambaye Bi Tatu alipata kumrudisha kwa dakika chache.

Kufufua huko si uchawi. Ni utani. Bi Tatu ni Mzaramo kwa asili, ingawa yeye na mama yake na bibi yake wote walizaliwa Tabora, na pwani ameiona mara moja tu, alipokwenda kwenye harusi ya mpwa wake. Babu wa babu yake alikuja na msafara, akaoa, akajenga, akasahau kurudi. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Wazee wa Tabora husema utani huo ulianza zama za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo mabegani, wakilala katika vijiji vya Wazaramo, wakigombea nao visima na mihogo, hata mwisho wakaona heri wataniane kuliko kutoana roho.

Ndiyo maana Mnyamwezi akifa, Mzaramo anaingia msibani bila hodi. Atachukua mwiko jikoni, atampaka mfiwa majivu usoni, atadai jogoo, na hakuna wa kumkasirikia. Na siku ya kuondoa matanga, mtani huvaa nguo za marehemu akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akamgombeza mke wake kama yeye. Watu humwona mtu wao mara ya mwisho. Hucheka, hulia, kisha humwacha aende.

Watani wengi hupita njia ya mkato. Huokota fimbo, hupinda mgongo, huyumba kidogo, hukohoa, na watu hucheka, maana mzee mlevi huchekesha popote. Lakini ukiuliza ni mzee gani hasa aliyeigizwa, huambulii kitu. Bi Tatu hakuwahi kumpenda mzee huyo wa kila msiba. Yeye alifunzwa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyemkataza kuiga sauti ya mtu yeyote kabla hajaweza kuiga namna anavyokaa.

"Sauti hata kasuku anayo," shangazi alikuwa akimwambia. "Nionyeshe anavyokaa akiwa amechoka na anadhani hakuna anayemwona."

Kwa hiyo tangu usichana wake Bi Tatu amekuwa akiwatazama watu. Alimtazama muuza kahawa, ambaye husogeza kofia yake nyuma kila anapotaka kusema uongo. Alimtazama jirani yake Consolatha, ambaye hushika kiuno hata akiwa ameketi. Kisha huenda nyuma ya nyumba, katikati ya kamba za nguo, akajaribu. Akishindwa hurudi kutazama tena. Sindano mkononi, macho barabarani, hivyo ndivyo alivyozeeka, na goti lake la kulia limezeeka kabla yake.

Mjukuu wake Najiat anasoma chuo cha ualimu. Siku moja alikuwa ameketi barazani akijisomea kwa ajili ya mtihani, akainua uso kwa furaha.

"Bibi! Kumbe na wewe umo kitabuni."

"Nimo kitabuni? Nimeiba nini?"

"Hujaiba. Sikiliza. Wanasema maigizo yalianzia kwenye mambo ya kawaida kabisa. Watu wa kale walikuwa wakirudi kuwinda, mmoja anavaa ngozi ya mnyama, wengine wanamvizia, wanawaonyesha waliobaki nyumbani ilivyokuwa. Kisha yakaingia kwenye ibada na matambiko. Wagiriki wao walikuwa na kundi linaloimba na kucheza katika sikukuu za mungu wao wa mvinyo. Wanaimba habari za mashujaa wao. Halafu siku moja mtu mmoja akatoka kwenye kundi, akasimama peke yake, akaanza kuwajibu wenzake kama vile yeye ndiye huyo shujaa anayeimbwa."

Bi Tatu aliacha kudarizi. "Huyo aliyetoka, walimpa jogoo?"

"Wanasema zawadi ilikuwa mbuzi."

"Mbuzi! Unaona watu wenye adabu? Wanyamwezi wangu hawa wananipa jogoo anayepiga chafya."

Najiat alicheka hadi kitabu kikamponyoka. Lakini bibi yake alikuwa bado anawaza. Habari ile ilimwingia. Alikuwa akimwona mtu yule wa kale, jinsi alivyowaacha wenzake na kusimama mbele ya watu, hana pa kujificha.

"Baba alikuwa akinihadithia habari za kirangozi," alisema. "Yule kiongozi wa msafara. Anavaa manyoya kichwani na ngozi mgongoni, anatangulia na ngoma. Wakikaribia mji, hata kama wamekufa kwa njaa, anaanzisha wimbo, anaruka, anajigamba kama mfalme, na wapagazi nyuma wanaitikia. Wenyeji wanatoka majumbani kuja kutazama. Naye si ndiye huyo huyo? Kundi linaimba, mmoja anatoka mbele."

"Ndiye huyo huyo, Bibi. Nitaliandika hilo kwenye mtihani."

"Liandike. Na baada ya huyo mmoja?"

"Baadaye wakaongeza mwigizaji wa pili, ndipo watu wawili wakaweza kusemezana na kupingana. Mwalimu wetu anasema hapo ndipo maigizo yalipokomaa. Tena anasema mchezo unahitaji wahusika, maneno, wimbo, mavazi, watazamaji, na tendo. Tendo ndilo roho yake. Vingine vyote ukivikosa unaweza kujikongoja, lakini tendo ukilikosa huna mchezo."

"Mwalimu wenu amesema vema," alisema Bi Tatu, akarudi kwenye foronya yake. Hakujua kwamba maneno yale angeyahitaji karibuni.

Wakati huo chumba cha uani kilikuwa na mpangaji. Aliitwa Flavia, mwanamke wa Kinyamwezi kutoka kijiji kimoja cha Urambo, mkulima wa tumbaku, Mkatoliki wa kusali asubuhi na jioni. Mume wake Wilbroad alikuwa amelazwa hospitalini Kitete, na Flavia alitafuta mahali pa kulala ili aweze kumpelekea uji kila siku. Bi Tatu alimpokea kwa matusi ya kitani, akamwambia Wanyamwezi wamezoea kulala njiani kwa hiyo hahitaji kitanda, kisha akampa kitanda chake kizuri na shuka aliyoidarizi mwenyewe.

Mara kadhaa alimsindikiza wodini. Wilbroad alikuwa mtu mrefu, miguu yake ilipita mwisho wa kitanda, na juu yake kulikuwa na blanketi la kijivu lililovutwa hadi kidevuni. Hakusema neno. Alimsalimu Bi Tatu kwa kufumba macho na kuyafumbua. Bi Tatu alimwambia, "Mnyamwezi mvivu wewe, amka ubebe mzigo," na pembe za mdomo wa mgonjwa zikasogea kidogo. Hayo ndiyo yote waliyowahi kuzungumza. Masika yalipokuwa yanaishia, Wilbroad alifariki.

Siku ya kusafirisha mwili, Flavia alimshika Bi Tatu mkono kwenye mlango wa gari.

"Mtani," alisema, "nikifumba macho namwona amelala. Namwona na lile blanketi. Miaka yote niliyokaa naye imefunikwa na lile blanketi. Njoo siku ya matanga unisimamishie Wilbroad. Nimwone akiwa amesimama, basi. Sitaki kingine."

Bi Tatu alijibu upesi kama watani wanavyojibu. "Andaa jogoo, tena asiwe na mafua."

Gari lilipokwisha kupinda kona ndipo alipojishika mdomo. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona Wilbroad amesimama hata siku moja.

Mtu mwingine angenyamaza, akaenda msibani na fimbo yake. Bi Tatu alifunga mzigo akaondoka mapema, siku kadhaa kabla ya matanga kuondolewa. Basi lilimshusha Urambo, na Benjamini, mtoto mkubwa wa marehemu ambaye ni fundi umeme Kahama, akaja kumchukua kwa pikipiki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Baba yako alitembeaje?"

Benjamini alishangaa, mguu bado uko kwenye kiki. "Kutembea?"

"Ndiyo. Unaniona nimekuja kula ubwabwa? Alitembeaje?"

"Alitembea tu, Bibi. Kama watu."

"Mungu wangu," alisema Bi Tatu akipanda pikipiki. "Kama watu!"

Kijijini mambo hayakuwa mepesi zaidi. Aliomba nguo za marehemu, akaambiwa zimekwisha kugawanywa, kwa sababu ndugu waliotoka mbali walitaka kuondoka na zawadi zao. Bi Tatu aliwapigia kelele kwamba wameila haki ya mtani, akamtoza Benjamini faini ya jogoo wa pili, watu wakacheka, lakini nguo hazikurudi. Aliomba picha. Walikuwa na moja ya kitambulisho, ambayo ni kichwa tu, na nyingine ya harusi ya Benjamini ambamo Wilbroad alisimama nyuma ya keki, kinaonekana kipaji cha uso.

Akaenda kwa majirani. Adriano, mkulima mwenzake Wilbroad, alikuwa anarekebisha bani lake, kile kijumba kirefu cha kukaushia tumbaku. Alimkaribisha kigoda.

"Mzee Adriano, niambie. Wilbroad alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mwema sana. Kimya."

"Kimya gani?"

"Kimya cha kukaa kimya."

"Kanisani je? Alikuwa anaimba?"

Adriano alifikiri. "Mimi nimekaa naye benchi moja tangu ujana. Alikuwa anashika kitabu cha nyimbo na kufungua mdomo. Sauti sikuisikia. Nadhani aliimba kwa ndani."

"Alipenda kusema nini? Kila mtu ana neno lake."

"Alipenda kusema 'ee'."

"'Ee' tu?"

"Na siku nyingine hakusema hata hilo," alijibu Adriano kwa heshima kabisa.

Jioni hiyo Benjamini alimwona Bi Tatu ameketi ukutani, anakanda goti lake. Akamwonea huruma.

"Bibi, usijiumize. Tumemwita mshereheshaji mwenye spika zake. Na Modest, yule Mzaramo wa sokoni, amesema atamwigiza mzee. Ataruka na fimbo kidogo, watu watacheka, yataisha. Baba hakuwa na kitu cha kuigizwa."

"Na mama yako amekwambia anataka nini?"

Benjamini aliinamisha kichwa. "Mama hasemi. Anafanya kazi tu. Anatwanga, anafagia, anakaa. Ukimwita anakuangalia kama mtu aliye ng'ambo ya mto."

Bi Tatu alimpigia simu Najiat. "Mwanangu, nimeishiwa. Maneno hakuwa nayo. Wimbo hakuwa nao. Mavazi wamegawana. Yule mwalimu wenu anasemaje kwa mtu kama huyu?"

Najiat alijibu, mlio wa mji ukisikika nyuma yake. "Kimebaki tendo, Bibi."

"Tendo nitalipata wapi? Aliyelitenda hayupo."

"Sijui, Bibi. Lakini kitabu kinasema mhusika hajulikani kwa anayoyatenda yeye tu. Hujulikana hata kwa wenzake wanavyokaa mbele yake."

Bi Tatu alikata simu, akabaki nayo mkononi. Maneno yale yalikuwa mazuri, na kwa kuwa yalitoka kwa mjukuu wake yalimpendeza mara mbili. Alinyanyua macho, akamwona Flavia anatoka nyumbani na ndoo, anaelekea kisimani. Akaacha kumtafuta Wilbroad. Akaanza kumtazama Flavia.

Njia ya kisimani ni pana, ng'ombe wawili wanaweza kupishana. Lakini Flavia hakupita katikati. Alipita kushoto, ukingoni, nguo yake ikiburura majani, na sehemu yote iliyobaki upande wa kulia ilikuwa tupu. Mkono wake wa kulia hakuuacha uning'inie. Aliushikilia nje kidogo, kiganja kimeelekea chini, kama ameuweka juu ya kitu. Kitu hicho kina urefu gani? Bi Tatu alipima kwa macho. Hakikuwa mkongojo, hakikuwa bega la mtoto. Njia ilipofika kwenye kilima, Flavia alisita, akangoja, akaendelea. Palipoinuka tena, akasita tena.

"Baiskeli," Bi Tatu alijisemea. "Alikuwa akiweka mkono kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Na mwenye baiskeli hakuipanda. Aliisukuma, ili atembee naye."

Kuanzia hapo hakubanduka. Alikaa karibu na Flavia kama sindano na uzi, akijifanya amechoka na goti. Alimwona anasonga ugali, na kabla ya kupakua kwa yeyote anabandua ukoko, anauweka juu ya mfuniko, kisha anautazama kama mtu aliyeshika barua isiyo yake. Alimwona ameketi mlangoni anachambua karanga, na jua linapofika usawa wa paa la bani anasogeza kigoda kitupu kwa mguu, bila kutazama, hadi kando ya mlango ambapo ukuta una alama ya mgongo. Bi Tatu aliinama kama anaokota kitu, akaona chini ya mwimo wa mlango pametoboka, rangi imetoka, mbao imechakaa. Mtu alikuwa akigonga viatu vyake hapo, jioni baada ya jioni, kutoa vumbi la bani.

Jambo lililomshtua zaidi lilikuja kwa bahati. Chini ya kibanda kulikuwa na tumbaku iliyokwisha kukaushwa, bado haijapangwa madaraja. Flavia alipita akachukua jani moja. Hakulinusa, hakulipeleka kwenye mwanga. Aliinua uso juu na kulaza kichwa upande, sikio likatazama mbingu, akatulia hivyo, akingoja. Kisha akaona jani liko mkononi mwake mwenyewe. Akalirudisha polepole.

Bi Tatu alijua wakulima hulikunja jani karibu na sikio, wasikie kama linalia kwa ukavu au limelainika. Lakini mtu anayejisikilizia mwenyewe hainui uso. Huyu alikuwa amezoea kusikilizishwa, na aliyemsikilizisha alikuwa mrefu kumpita kwa kichwa kizima, na alilishika jani juu, kwa vidole, taratibu. Wawili hao hawakuwa kimya. Walikuwa wakizungumza kwa majani.

Bi Tatu alienda nyuma ya bani, mahali pasipo na mtu, akaanza kujaribu.

Siku ya kuondoa matanga watu walijaa uani. Padri alikwisha sali, watu walikwisha kula, na mshereheshaji alipiga spika zake hadi kuku wakahama. Watani walikuwa kazini. Julieth, mke wa Benjamini, alipakwa unga usoni. Kisha Modest akaingia na fimbo, amepinda mgongo, anayumba, anakohoa, anaita, "Flavia! Pombe yangu iko wapi?" Watu walicheka. Adriano naye alicheka kidogo, kisha akamwuliza jirani yake, "Huyu ni nani? Wilbroad si hakuwahi kunywa pombe?" Flavia, aliyekuwa ameketi na wanawake kwenye mkeka mbele ya mlango, aligeuza uso akatazama ukuta.

Bi Tatu alimwendea mshereheshaji. "Mjomba, zima hiyo redio yako."

"Bibi, nimelipwa hadi saa kumi na mbili."

"Zima, mtoto wa watu, marehemu anakuja na hapendi kelele."

Spika zilizimwa. Watu walipoona Bi Tatu ameondoka wakadhani amekwenda kuvaa. Akarudi kwa njia ya bani, hakuvaa chochote zaidi ya kanga zake, ila viatu vizito vya shamba alivyomwazima Adriano. Mikono yake miwili ilikuwa mbele, imeshika hewa.

"Bibi anasukuma nini, mkokoteni?" mtu mmoja aliropoka, wengine wakacheka.

Bi Tatu hakujibu. Alikuwa amenyooka, shingo imerefuka, na wale waliomjua kuwa mfupi hawakuelewa urefu ule ameutoa wapi. Alisukuma kitu chake taratibu, akitembea upande wa kulia wa njia, akiacha nafasi upande wa kushoto. Palipoinuka alisimama. Hakutazama nyuma. Alingoja tu, kama mtu anayempa mwenzake pumzi bila kumwaibisha, kisha akaendelea. Kicheko kilikatika. Mtu mmoja kati ya wanaume alisema kwa sauti ndogo, "Baiskeli ya Wilbroad hiyo."

Aliiegemeza ukutani. Akageuka mlangoni, akagonga kiatu cha kwanza kwenye mwimo, akagonga cha pili. Kwenye mkeka Flavia aligutuka. Bi Tatu aliketi kwenye kigoda, mgongo wake ukakaa penye alama ya ukutani, miguu akainyoosha mbele kama mtu mwenye miguu mirefu. Akavuta pumzi. Akainama akachukua jani la tumbaku aliloliweka pale asubuhi, akalikunja taratibu kwenye sikio lake. Akasikiliza. Kisha akainuka, akanyoosha mkono, akalishika jani juu, upande wa kushoto, karibu na mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Alichokuwa nacho kiliishia hapo. Hakujua Wilbroad alifanya nini baadaye, maana lililofuata halikuwa la Wilbroad kulifanya. Mkono ulianza kumwuma. Lile goti bovu nalo likaanza kumwuma. Alimkumbuka yule Mgiriki aliyetoka kwenye kundi akasimama peke yake, akamhurumia sana. Benjamini alitaka kusogea aje kumshika, Adriano akamvuta shati.

Flavia alisimama.

Aliwapita wanawake kwenye mkeka bila kumkanyaga mtu, akaja hadi chini ya jani lile. Akainua uso, akalaza kichwa, akaweka sikio. Vidole vya Bi Tatu vilikunja jani.

"Bado," alisema Flavia.

Ilikuwa mara ya kwanza watu kusikia sauti yake tangu maziko.

"Bado halijawa tayari. Likipangwa hivi litavunjika. Na viatu umegonga tena mlangoni, Wilbroad. Nimekwambia tangu Benjamini yuko tumboni, mlango si nyundo. Nyumba itaanguka kwa viatu vyako."

"Ee," alisema Bi Tatu.

Uani palilipuka. Watu walicheka kwa kishindo, wakapiga makofi, vigelegele vikapanda, na katikati ya vicheko vile Benjamini alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, analia kama mtoto. Adriano alikuwa anarudia, "Ee! Ee! Umesikia? 'Ee' yake kabisa!" Flavia hakuwasikia. Alikuwa akimtazama mtu aliye mbele yake, kuanzia viatuni hadi utosini, bila haraka.

"Ukoko wako uko juu ya mfuniko," alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Haya. Nenda kaangalie moto wa bani."

Bi Tatu aliweka jani chini. Akachukua baiskeli yake ukutani, akaigeuza, akaisukuma polepole kwa njia ile ile hadi nyuma ya bani. Hakuna aliyemfuata. Huko nyuma aliketi chini, akavua viatu vya Adriano, akaanza kukanda goti lake.

Kesho yake Flavia alimsindikiza hadi barabarani kungoja basi, amembebea jogoo mnene mwekundu ambaye hakuwa na mafua. Walikwenda pamoja kwa njia ile pana. Flavia alikuwa bado anapita kushoto, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado nje kidogo, lakini alikuwa anazungumza. Alizungumza njia nzima: jinsi Wilbroad alivyomfuata kwao akiwa kijana na hakusema neno hadi baba yake akadhani ni bubu, jinsi alivyokataa kupanda baiskeli siku moja ya mvua, wakalowa wote wawili. Bi Tatu alisikiliza, akipita upande wa kulia.

Basi lilipoonekana kwa mbali, Flavia alimkazia macho.

"Mtani, nina neno. Usikasirike."

"Mtani hakasiriki. Sema."

"Jana umefanya vizuri. Lakini kuna mahali umekosea."

"Wapi?"

"Ulikuwa unachechemea. Wilbroad hakuwa anachechemea. Alikuwa anatupa mguu wa kushoto nje kidogo, hivi." Akaweka jogoo chini, akajishika kanga, akatembea mbele ya Bi Tatu kando ya barabara, mrefu, mnyoofu, mguu wa kushoto ukitupwa nje kidogo. "Hivi. Namwona kabisa. Umeona?"

"Nimeona," alisema Bi Tatu. "Rudia tena nishike vizuri."

Flavia akarudia, na basi likawapigia honi wote wawili.